Gauni la Bilinganya

Chumba chake hakikuwa na dirisha. Lilikuwepo zamani, akaliziba kwa mbao na kulipaka rangi ya kijivu kama alivyopaka kuta zote, dari, mlango kwa ndani, hata kigoda cha mkewe. Mtu akiingia mara ya kwanza alidhani ameingia ndani ya wingu. Na mwenyewe alikuwa na koti la kazi la kijivu, refu mpaka magotini, analivaa akija na kulivua akiondoka. Watu hawakuhangaika kumtafutia jina. Wakamwita Kijivu, naye akaitika.

Benchi langu la kushonea viatu lipo barazani, mlango wa pili kutoka kwake, mbele ya duka la rangi za nyumba. Tumekaa hapo pamoja mpaka nywele zetu nazo zikaingia ukijivu, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengi niliyaona. Mengine aliniambia mwenyewe nikiwa nagonga soli, maana mtu akimwona mwenzake ana misumari mdomoni huona ndiyo nafasi ya kusema, hatakatizwa.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za vitu. Watu aliwapiga ujanani, maharusi na watoto wa shule, akashindwa kwa sababu hakujua kuwachekesha. Alisimama nyuma ya kamera kimya mpaka bwana harusi akaanza kuogopa. "Vitu havifumbi macho," alikuwa akisema, "wala haviulizi kama vimenenepa." Basi wauza vitambaa walimletea vitambaa, wafinyanzi wakaleta vyungu, seremala viti, mwenye duka la rangi akaleta vibao vyake vya kuchagulia, ili picha zionyeshwe kwa wateja walio mbali. Na mteja aliye mbali ana jambo moja tu: akiagiza nyekundu asiletewe ya machungwa.

Hapo ndipo penye kazi. Sisi wengine tunadhani kamera inaona kama sisi. Jicho la mtu lina huruma. Ukiingia chumba chenye balbu ya manjano, muda kidogo jicho linasamehe, na shati jeupe unaliona jeupe. Kamera haisamehi. Itakupa shati la manjano. Ukiwasha tyubu, ile taa ndefu ya dukani, kila kitu kinaingia ukijani, mtu anaonekana kama amekula kitu kibovu. Na ukiwasha zote mbili kwa pamoja ndiyo umemaliza kuharibu, maana chungu kitakuwa na rangi hii ubavu mmoja na rangi nyingine ubavu wa pili, na dawa hakuna.

"Taa za aina mbili chumba kimoja ni wake wenza," Kijivu aliniambia. "Kila mmoja anamvuta mume kwake, mwishowe mume anapasuka."

Ndiyo sababu akaziba dirisha. Jua nalo ni taa, tena halina adabu: asubuhi jeupe, jioni la dhahabu, wingu likipita limekuwa kitu kingine. Na kuta akazipaka kijivu kwa sababu ukuta wenye rangi hutema rangi yake juu ya wenzake. Siku moja niliingia kumpelekea kiatu chake, nimevaa shati jekundu. Akaniambia, "Fundi, toka, unanichafulia sahani." Hata sikuwa nimeigusa! Ilikuwa sahani nyeupe, iko mezani, nami nimesimama hatua kadhaa. Lakini ukiitazama vizuri ubavuni, kweli, ilikuwa imeona haya.

Basi taa moja, ya aina moja. Na kabla ya kupiga chochote aliweka karatasi nyeupe mahali pa kile kitu, akaionyesha kamera kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: hii ndiyo nyeupe ya chumba hiki. Ikishaijua nyeupe, nyingine itazijua.

Halafu ndiyo mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa nyumbani, lakini mchana alileta chakula, akakaa kwenye kile kigoda na kushona pindo za nguo za watu kwa mkono. Picha ikitokea kwenye kompyuta, Kijivu alisogea pembeni. Mama huyo alikitazama kitu, akaitazama picha, akakitazama kitu tena, sindano imesimama hewani. "Imekunywa chai," angesema, maana yake umanjano umezidi. "Ina homa," wekundu huo. "Imezama majini," ni buluu. Kijivu anarudi kwenye taa, anarudi kwenye karatasi yake, anapiga upya. Na siku picha ilipokaa sawasawa mama alisema neno moja, "Usiiguse," akaendelea na pindo lake.

Nimewahi kumtania. "Shemeji, hivi huyu mwanamume amekuajiri au wewe ndiye umemwajiri?"

"Nimemwazima macho tu, shemeji," akasema. "Ya kwake kamera imeyala."

Nilicheka. Sikujua kwamba alikuwa anasema kweli tupu. Kijivu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na umri ulivyozidi ndivyo dunia yake ilivyozidi kuwa ya manjano, kama kioo cha dirisha la jikoni. Daktari alishamwambia aje, wamtoe huyo mtoto wa jicho. Akawa anasema baada ya mvua, baada ya mvua, na mvua zikapita nyingi. Kisu hakukiogopa. Aliogopa wateja wajue. Mpiga picha asiyeona rangi na mpishi asiye na ulimi, nani atawapa kazi? Mkewe akalifunika hilo jambo kwa kukaa pale kwenye kigoda kila siku, anashona, kana kwamba amekuja kupumzika tu.

Sasa nije kwenye gauni.

Alilishona mwenyewe binti yao alipokuwa bado hajaanza shule. Kitambaa cha pamba, kizito, zambarau iliyoiva mpaka inakaribia weusi, na ukikigeuza kuna wekundu fulani unapita ndani kama mtu anayepita nyuma ya pazia. Binti, ambaye ni wa pekee, alisema mama amevaa bilinganya. Jina likaganda. Gauni la bilinganya. Nilikuwa nawaona wakipita hapa barazani, mtoto amelishika lile pindo la chini, mama akisimama ghafla kumsalimu mtu, mtoto anajigonga pua kwenye mapaja ya mama yake.

Pindo lenyewe lilikuwa pana kupita kawaida, kiganja kizima kimekunjwa kwa ndani. Mimi ni mtu wa sindano pia, ingawa yangu ni ya ngozi, na kupoteza kitambaa kunaniuma. Nikamuuliza.

"Huyu atanipita urefu," akasema, akimtazama mtoto. "Siku akilirithi atalishusha."

Mtoto akampita urefu kweli. Akasoma, akaolewa mbali, nchi nyingine, baridi. Gauni likabaki na mama yake. Akalivaa, akalifua, akalianika, tena akalivaa. Mtu ukimwona kila siku huoni anavyobadilika, na nguo ni hivyo hivyo.

Ugonjwa wake sitaueleza sana. Ulianza kama uchovu, akaacha kuja mchana, chakula akawa anakuja nacho Kijivu mwenyewe kwenye mfuko, kisha kikawa hakiji. Binti alikuwa na mimba iliyokuwa ikimsumbua, madaktari wa huko wamemlaza kitandani na kumkataza hata ngazi, sembuse ndege. Hakuja kumuuguza. Hakuja kumzika. Kijivu alikuja kaburini amevaa koti lake la kazi. Ndugu mmoja akanong'ona kwamba mzee hana hata heshima ya leo. Nikamwambia amwache. Mtu aliyesahau kuvua koti amesahau mengi kuliko koti.

Mtoto alizaliwa baada ya msiba, wa kike, salama. Binti alipopiga simu Kijivu alikuwa amekaa kwenye benchi langu, mahali pa wateja. Simu yake huongea kwa sauti, hajui kuipunguza.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Si nimekwambia nimekula."

"Baba mdogo yupo hapo? Baba mdogo, amekula huyo?"

Nikatoa misumari mdomoni. "Amekula nusu ya changu, mwanangu. Na nusu yenyewe ndiyo iliyokuwa na nyama."

Akacheka. Kisha kile kicheko kikageuka katikati ya njia, nasi wazee wawili tukatazama barabara mpaka alipotulia.

"Baba," akasema, "nikifumba macho namwona mama, lakini hana rangi. Yaani kama amekaa kwenye kile chumba chako. Nalitafuta lile gauni la bilinganya kichwani, najua ni zambarau, lakini zambarau ipi? Nimezunguka maduka ya vitambaa ya huku, kila jora wakinifungulia nasema siyo. Nataka nimshonee mtoto kitu cha rangi ile. Akiuliza bibi yake alikuwaje, nimshikishe."

"Nitakutumia gauni," Kijivu akasema. "Kesho."

"Usitume! Baba, nakuomba." Mama yake alikuwa amemfumia mjukuu sweta kabla ugonjwa haujamlaza, likatumwa, na mpaka leo halijafika popote. "Gauni nalo likipotea njiani nitakuwa nimempoteza mara mbili. Baki nalo wewe. Nitumie rangi yake tu."

Simu ilipokatika, Kijivu akakaa nayo mkononi. "Nitumie rangi yake tu," akasema. "Utadhani kaomba chumvi."

Siku iliyofuata alilileta gauni limekunjwa kwenye shuka. Akaingia, akafunga mlango. Alitoka jasho linamtoka, akatuma picha, akaketi kwangu kusubiri. Binti hakukawia.

"Baba, asante. Lakini, usikasirike. Imezama majini."

Nilikuwa naelekeza uzi kwenye tundu la sindano, nikaacha. Yalikuwa maneno ya mama yake. Hata ile namna ya kuvuta "majini" ilikuwa yake. Kijivu alishika ukingo wa benchi.

"Umesema?"

"Imekuwa buluu, baba. Zambarau imekimbia."

Zambarau ndivyo ilivyo, aliniambia baadaye, ni rangi yenye kigeugeu kuliko zote. Mchana zambarau, chini ya tyubu ni buluu, chini ya balbu ni kahawia. Lakini safari hii taa haikuwa na kosa. Kamera ilikuwa imeshika vizuri. Yeye ndiye aliyeitazama ile picha kwenye kompyuta, akaiona imejaa umanjano, akauondoa umanjano kidogo, na kidogo tena, mpaka macho yake yakaridhika. Umanjano haukuwa kwenye picha. Ulikuwa machoni.

"Nimemtumia binti ugonjwa wangu," akasema. Hapo ndipo aliponieleza habari ya mtoto wa jicho, kwa mara ya kwanza, na habari ya kigoda. Nilikumbuka nilivyocheka siku ile kwa shemeji. Nikainama nikagonga soli ambayo ilikuwa imekwisha kugongwa.

"Njoo ukae wewe," akaniambia.

"Wapi?"

"Kwenye kigoda."

"Kijivu, mimi rangi ninazozijua ni mbili. Dawa nyeusi ya viatu na dawa ya kahawia."

"Zinatosha. Vua shati."

Shati langu siku hiyo lilikuwa la kijani. Basi nikakaa kwenye kigoda cha marehemu shemeji yangu na fulana, mzee mzima, mikono mapajani kama mtu anayesubiri chanjo. Kijivu alitundika gauni ukutani. Alizima tyubu ya barazani, akaziba kwa gazeti ule mwanga mwembamba unaopita chini ya mlango. Aliweka balbu mpya kwenye taa yake, maana balbu ikizeeka nayo huingia umanjano, tuko wengi. Akachukua karatasi nyeupe mpya, ya zamani ameitupa, akaionyesha kamera, akapiga. Na kona moja ya karatasi akaiacha ionekane ndani ya picha, ili binti huko aliko ashike karatasi nyeupe kando ya simu yake aone kama simu yenyewe inadanganya.

"Sasa tazama," akasema. "Kitu, picha, kitu."

Nikatazama kitu, picha, kitu. Nilihisi yule mama amesimama nyuma yangu na sindano.

"Ni lenyewe," nikasema.

"Usinifurahishe."

"Nakuapia. Hapa begani pamepauka, na huku pamepauka. Kwapani pamekoza, na huku pamekoza. Hata lile doa la chai liko."

Hakugusa kitu. Akaituma hivyo hivyo. Tukatoka barazani, nikavaa shati langu. Mteja alikuja kuchukua viatu, akanisalimu, sikumbuki nilimjibu nini.

Safari hii simu ilichelewa, na ilipolia binti alianza polepole, kama anayeteremka ngazi zenye maji.

"Baba, umeipata. Nimeweka karatasi kando, kama ulivyosema. Iko sawa. Hivi ndivyo gauni lilivyo."

"Ehe."

"Lakini siyo gauni la bilinganya. Hili ni ganda la kitunguu, baba. Limezeeka. Mimi niliondoka likiwa bado, au hata nilipoondoka lilikuwa limeanza, sijui. Ninalolitafuta ni lile nililokuwa nalishika. Nisamehe. Nakusumbua."

"Hunisumbui."

"Labda halipo tena. Labda ndiyo hivyo. Basi, baba, acha tu. Nitamwambia mtoto zambarau."

Simu ikakatika, Kijivu akaiweka mapajani. Mimi ndiye mwenye mdomo, nikasema lile ambalo kila mtu angesema. "Si uiongeze rangi kidogo kwenye kompyuta? Nimekuona ukigusa kitu kinakoza. Ikoze mpaka iwe bilinganya."

"Bilinganya ipi, fundi?"

"Ile ya zamani."

"Unaikumbuka?"

Nikafungua mdomo kusema naikumbuka, nikaona ninachokikumbuka ni mtoto akijigonga pua. Rangi nilijua ipo, lakini nikiisogelea inarudi nyuma.

"Nami siikumbuki," akasema. "Nimelala pembeni ya lile gauni limetundikwa mlangoni miaka yote hiyo, na kila nikilifikiria naliona na macho haya, ya chai. Nikikoza kwa kubahatisha, nitampa mwanangu rangi ya kutunga. Atamshonea mtoto, mtoto ataambiwa huyu ndiye bibi yako, kumbe si bibi yake, ni mimi nikibabaisha." Aliwahi kumfukuza mwenye duka la vitambaa aliyetaka majora yake yang'ae kuliko yalivyo. "Sipigi picha ya unachotamani," alimwambia. Yule bwana hakurudi tena, na Kijivu hakumfuata. Sasa anayetamani alikuwa yeye.

Siku kadhaa zikapita. Gauni lilibaki limetundikwa mle ndani, taa imezimwa, naye hakupokea kazi. Mwenye duka la rangi alileta vibao vyake vipya, akarudishwa navyo. Akaniuliza, "Mwenzako anaumwa?" Nikamwambia anatafuta kitu. "Kimepotelea wapi?" Nikamwambia juani.

Mchana mmoja aliniita. Alikuwa amelitandaza gauni mezani, anapapasa pembeni mwa pindo kwa vidole, amefumba macho, kwa kuwa siku hizo vidole vyake vilikuwa vinaona zaidi.

"Fundi, mkanda wa kiatu ukiutoa, chini yake ngozi huwa vipi?"

"Mpya," nikasema. "Jua halijafika, vumbi halijafi..."

Tulitazamana. Kile kiganja kizima cha kitambaa, kimekunjwa kwa ndani tangu siku alipokishona, hakijawahi kuona jua. Atalishusha akilirithi, alisema.

Nilitaka kupiga kelele ya furaha. Yeye uso wake haukuwa wa furaha hata kidogo. Alikuwa amelaza kidole juu ya mishono. Ile ilikuwa mishono ya mkono, midogo, imepangana kama mchanga, inaanza ubavuni na kuzunguka duara zima mpaka inapojikuta. Cherehani haikugusa hapo.

"Vitu vyake vyote ndugu wamegawana," akasema. "Ni sawa, ndivyo inavyokuwa. Nguo mtu unamgawia mtu. Lakini hapa alipokaa, hivi, mkono baada ya mkono..." Akaondoa kidole. "Nikifumua, nimefumua."

Akampigia binti. Alimweleza mambo ya pindo kwa maneno machache, kama anavyoeleza mambo ya taa. Upande wa pili tukamsikia mtoto mchanga akilalamika, kisha akanyamazishwa.

"Hiyo ni mishono ya mama," binti akasema.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote ya mkono. Sema wewe. Lako hili, alikuwekea wewe."

Nikasikia anamhamisha mtoto bega.

"Alisema nilishushe," akasema. "Alikuwa ananiambia kila mara, utalishusha. Fumua, baba. Nishushie wewe. Lakini uzi usiutupe."

Nilikuwa na kisu changu cha viatu, kikali kama wembe, nikamwambia nipe, dakika moja. Akanikazia macho yake yale ya ukungu. Akatoa sindano ya mkewe kwenye kola ya koti la kijivu, ambako sikujua kwamba ameichomeka, na akaanza kuinua mshono mmoja mmoja. Uzi wa zambarau juu ya kitambaa cha zambarau, mtu mwenye macho mazima angehangaika. Yeye aliusaka kwa ncha ya kidole, akaupata, akauinua, akavuta, akasaka mwingine. Kila alipofika mahali uzi unapofungwa fundo alisimama. "Hapa alikata," alisema. "Hapa labda aliitwa." Mahali pamoja mishono ilikuwa mirefu, ya haraka haraka, na tukacheka kidogo wote wawili, kwa sababu tulijua kulikuwa na mtoto wa mtu anayelia karibu. Uzi aliuzungusha kwenye kidole chake, pole pole, mpaka kidole kikawa kama kina bandeji.

Akalifungua pindo.

Ndugu zangu, mimi nilishasema rangi zangu ni mbili. Sina maneno ya kuieleza ile. Kulikuwa na mstari, pale ulipokuwa mkunjo, juu yake ganda la kitunguu, na chini yake alikuwa yeye. Alikuwa anakuja barazani kwa haraka, ana kikapu, ananiambia shemeji mbona umenuna. Nilimkumbuka mguu wake, nikakumbuka sauti ya lile gauni likigusa benchi langu akipita.

"Ikoje?" Kijivu akauliza. Alikuwa ameinama karibu sana, pua inakaribia kitambaa, na nikaelewa kwamba yeye anaona manjano juu ya weusi basi.

"Ipo," nikasema. "Ipo, Kijivu."

"Ipo vipi?"

"Imeiva. Na ule wekundu wa ndani upo. Unapita."

Akaitikia kwa kichwa, akashukuru kama mtu aliyepewa maji. Kisha akafanya kazi yake. Taa moja. Karatasi nyeupe. Gazeti chini ya mlango. Nikavua shati bila kuambiwa. Akapiga ile sehemu ya ndani peke yake, kona ya karatasi kando, hakuongeza, hakupunguza, akatuma.

Simu iliita karibu mara ile ile. Hatukusikia sauti. Tulisikia pumzi tu, na mtoto akigugumia, na pumzi tena. Kijivu alisimama katikati ya chumba cha kijivu amekazana na simu kwenye sikio ingawa sauti ilikuwa wazi. Najua alikuwa anasubiri chai, au homa, au maji.

"Usiiguse, baba," binti akasema.

"Umesemaje?"

"Usiiguse."

Kisha akalia kwa sauti, kile kilio cha kaburini ambacho hakukipata kaburini, naye Kijivu akawa anasema ndiyo, mama, ndiyo, mama, maneno ya kumbembelezea mtoto mdogo, mpaka simu yenyewe ikakatika.

Aliiweka mezani. Alisimama akilitazama gauni chini ya ile taa kali, au akitazama upande lilipo.

"Zima, fundi."

"Hujamaliza?"

"Nimemaliza. Zima. Taa inakula rangi. Jua linakula kwa haraka, hii inakula kidogo kidogo, lakini inakula. Ilikuwa imefichwa, sasa nimeitoa nje. Kuanzia leo nayo imeanza kuondoka."

Nilinyoosha mkono, lakini kabla sijazima nilimwona akilikunja lile pindo kwa ndani, kama lilivyokuwa, mkunjo juu ya mkunjo. Lilifunguka. Akalikunja tena. Pindo lisilo na uzi halikai, hata mtoto anajua, na uzi wote ulikuwa kwenye kidole chake. Nilitaka kumwambia nitamshonea mimi, nikakumbuka sindano yangu ni ya viatu.

Nikazima. Chumba kile kisicho na dirisha kikawa giza la mchana, giza tupu. Nilingoja nimsikie akitembea kuelekea mlangoni. Hakutembea. Nilipapasa nikampata ameketi kwenye kigoda, na mkono wake umelishika lile pindo, amelifumbata lisifunguke.